Msumeno wa Mama Mashoto Unalala Kulia

Saa mbili asubuhi, Mama Mashoto ameshajaa vumbi la mbao hadi kwenye kope. Anaweka ubao juu ya msumeno wa meza, anausukuma taratibu kwa mkono wa kushoto, na ile sahani yenye meno, iliyolazwa kwa mshazari, inapita kama inakata sabuni. Anazima. Anapuliza ukingo, anaukagua kwa jicho moja, kisha anacheka peke yake.

"Mashine hii haijanipiga," anasema. "Wiki ya tatu leo. Kila jioni naiaga kwa shukrani kama mtu."

Fundi huyu wa miaka hamsini na miwili hutengeneza masanduku ya nguo. Kona zake hukatwa mshazari na kubanana sawasawa, kiasi kwamba, kwa maelezo yake, bibi harusi mmoja alifungia marashi humo na mwaka wa saba harufu bado haijapata pa kutokea. Mwandishi alipoomba kumwona bibi huyo, aliambiwa amehama.

Jina la Mashoto alipewa na mjomba wake aliyemfundisha kazi, kwa kuwa kila kitu hukishika kwa kushoto. Hata ule mhimili wa chuma, ambao ubao huegemezwa ili ukatwe ukiwa umenyooka, yeye huufunga kushoto kwa sahani. Mafundi wengi huufunga kulia.

Mashine yake ya zamani aliitumia miaka kumi na mmoja, na ilikuwa na tabia moja mbaya. Alipokata mshazari, mara nyingine ubao ulibanwa kati ya sahani na mhimili, ukarushwa nyuma kwa kishindo, kama teke la punda. Teke la kwanza lilimvunja ubavu. La pili lilimkosa, na anaapa ubao ule ulitoka dirishani, ukavuka ukuta, ukatua kwenye benchi la fundi viatu kama mteja anayesubiri zamu.

Binti yake, ambaye ni muuguzi, hakucheka. Alimwambia mama achague: abadilishe mashine au afunge karakana, maana la tatu huenda likamkuta kichwani.

Kubadilisha si jambo dogo. Bei ya msumeno mpya ni sawa na masanduku thelathini na mawili, naye huuza matatu kwa mwezi. Akikosea, hana pesa za kununua wa pili.

Dukani alikuta mashine za aina mbili: moja sahani yake hulala kushoto, nyingine kulia. Muuzaji alimshauri achukue ya kushoto, na mafundi wote aliowauliza walisema hivyo hivyo. Kwa maelezo yao, sahani hulala ikiukimbia mhimili, ubao haubanwi, teke hakuna. Mama Mashoto akatoa pochi.

Aliyekuwa naye ni jirani yake, fundi milango, aliyeombwa gari lake la mizigo. Ni mtu ambaye Mama Mashoto amemtania miaka kumi na tisa, akiwaambia wateja wake kwamba milango ya bwana yule hufungwa kwa dua.

"Dada, kabla hujalipa, hebu kata," jirani akasema.

"Nikate nini? Haijawashwa."

"Kata hewa. Kata kama unavyokata kwako."

Akasimama mbele ya mashine, akijiona kichekesho. Mkono wenyewe ukauvuta mhimili, ukaufunga kushoto. Jirani akazungusha gurudumu la pembeni. Sahani ikainama polepole, ikaulalia mhimili ule ule. Muuzaji, ambaye ushauri wake ni sahihi kwa anayefunga kulia, akaenda kuipangusa vumbi ile inayolala kulia.

"Kumbe ya zamani nayo ililala kushoto," anasema Mama Mashoto. "Miaka yote nikaulaumu uzee wake. Nilikuwa nakwenda kununua teke jipya, tena kwa bei ya masanduku thelathini na mawili! Na yule bwana hakunicheka. Angeweza. Mimi ningemcheka hadi nikae chini."

Akachukua inayolala kulia, ambayo sahani yake huukimbia mhimili uliofungwa kushoto. Kuhamishia mhimili kulia alishawahi kujaribu, lakini anasema alikuwa kama mtu anayekula kwa mkono wa mwenziwe.

Siku ya kwanza binti yake alikuja kushuhudia. Alisimama mlangoni na mfuko wa bandeji, akatazama mbao sita zikikatwa, akaondoka bila kuufungua.

Jumamosi hii jirani anakuja kukata fremu zake kwenye mashine hiyo, bure. Mama Mashoto amemwahidi pia kwamba hataisema tena milango yake, angalau mbele ya wateja. Mwenyewe ana mpango wa kufanya kazi hadi miaka themanini.

"Siombi makubwa," anasema, akitanua vidole vya mkono wa kushoto uliojaa vumbi. "Siku watakayonizika, wahesabu hapa wakute vitano."