Gurudumu Lililokosa Kazi

Mjukuu wangu ni mhandisi. Hutengeneza magurudumu ya upepo ndani ya kompyuta, huyavumishia upepo wa humo humo, kisha hutazama yatavunjikia wapi. Hakuna anayelowa.

Zamani zetu, Rumonge kando ya ziwa, kompyuta nilikuwa mimi.

Mume wangu alikuwa fundi wa mitumbwi. Mwaka wa uhuru, wenzake wakishona bendera, yeye alitangaza kwamba atajenga gurudumu la kuvuta maji ya ziwa hadi pale tulipokamulia mawese, ili mkewe asibebe ndoo tena. Wanawake walimsifu sana. Mimi niliona angeweza pia kubeba ndoo.

Kwanza akaunda gurudumu dogo, akalisimamisha juu ya mti mbele ya mtumbwi. Yeye na ndugu yake walipiga makasia kuukabili upepo wa kusini. Mimi nilishika kamba iliyozungushwa kwenye mhimili, kazi yangu kusema linavuta vipi. Nikisema kama mbuzi, anapinda mabawa kidogo. Nikisema kama mbuzi aliyeona majani ya muhogo, anafurahi. Siku moja mkono ulichoka, nikaachia. Lilipokosa cha kuvuta, gurudumu likapata wazimu: likavuma, mti ukatetemeka, bawa moja likanipita sikioni na kutumbukia ziwani. Nilimtukana kwa Kiswahili, nikamalizia kwa Kirundi.

"Murakoze, mama," akanishukuru. "Sasa tumejua. Ikikosa kazi, itajivunja."

Lile kubwa alilisimamisha kilimani, likaja kutazamwa na watu kutoka Minago. Lilipandisha maji miaka mingi, likilalamika kunishinda mimi.

Mwaka wa sabini na mbili watu walianza kuchukuliwa na kutorudi. Tukaamua kuvuka ziwa. Asubuhi ile mume wangu alifungua pampu ya gurudumu, akaipakia mtumbwini juu ya sufuria. Watoto walikuwa wameshakaa. Akageuka kutazama juu kilimani. Gurudumu, sasa halina pampu ya kuvuta, lilikuwa likikimbia peke yake.

"Niko nakwenda kuifunga," akasema.

"Iache ivunjike!"

"Nakuya sasa hivi, mama."

Tulingoja. Kutoka majini nililiona gurudumu likipunguza mwendo, kisha likasimama. Kwa hiyo alifika. Tuliendelea kungoja mpaka wapiga makasia wakakataa.

Mwaka jana mjukuu aliniomba vipimo vya gurudumu la babu yake. Nilivikumbuka vyote. Akauliza upepo wa siku tuliyoondoka ulikuwaje. Nikamwambia: wa kupeperusha kanga, si wa kumwangusha mtu. Akaandika, akabonyeza, tukatazama likizunguka bila kufungwa.

"Bibi, halivunjiki! Kazi ya Babu iko solide kabisa!"

Alifurahi kwa ajili ya babu yake, mtoto wa watu. Nikamwambia aongeze upepo. Akaongeza. Likasimama imara. Nikamwambia aongeze tena, akanitazama.

Nilitaka livunjike. Nilitaka kurudi kwake kilimani kuwe na sababu.