Kadi ya Wifi Yarudi na Hereni

Jirani yangu, bibi aliyestaafu ushonaji, hukata kadi kuukuu za salamu na kuzikunja ziwe vikasha vya zawadi. Siku ya kwanza nilipomuuliza bei, akacheka.

"Hela kaa nazo, mwanangu. Niletee kadi."

Nikampa zote za nyumbani, nikajiona nimelamba dume.

Katika kikasha cha kwanza alichonikunjia nilitia hereni nikampelekea wifi, maana tulikuwa hatusemezani na nilitaka tupatane. Akafungua, akakuta ndani ya kifuniko mwandiko wake mwenyewe, wa kadi aliyonipa nilipoolewa.

"Kadi yangu umeikata?"

"Ni yule bibi jirani yangu, wifi, hukunja vikasha."

"Basi nipeleke kwake. Kadi ulizonipa wewe ninazo boksi zima, nazo azikate."

Tukaenda tukicheka. Bibi akapata kadi, wifi hereni za bure. Mimi nikaambulia salamu ya wifi. Ghali, lakini nimewahi kulipa zaidi kwa vitu vya ovyo.