Vitobo Vitatu Mbele ya Shangazi Zuwena

Kila nikipeleka kanzu za mume wangu kwa dobi hapa Ansab, harufu ya wanga wa moto hunipokea mlangoni, nami husimama kidogo kabla ya kuingia. Dobi hudhani nimechoka na jua. Harufu ile hunirudisha mji wa bandari wa Matrah, nyumbani kwa Shangazi Zuwena, nina miaka minane, na kofia zilizotiwa wanga zimevalishwa juu ya mabakuli yaliyopinduliwa, zinakauka dirishani kama watu wafupi wanaochungulia njia.

Nitamtaja kwa jina, maana yeye amekwisha kufa na mimi sijamaliza. Zuwena, dada yake baba. Baba alipofariki alituchukua mimi na mama, akatupa chumba cha nyuma, na chakula hakutunyima, hilo nalisema. Lakini nyumba ile ilikuwa ya kazi. Matrah nzima ilikuwa hivyo wakati ule. Bandarini wanaume wanashusha magunia, sokoni wanauza dhahabu na bizari na ubani, na nyuma ya mapazia wanawake waliovuka bahari kutoka Unguja wanashona kofia walizovaa wanaume wote hao. Kofia moja nzuri ilikula miezi. Mbaruku mwenye duka alikuja kila Alkhamisi kuzichukua, akizigeuza ndani nje, maana kofia hutazamwa ndani. Nje kila mtu anaweza kudanganya. Anakunywa kahawa, analalamika zimechelewa, anaondoka. Mbaruku naye namtaja. Alijua kofia zile zimeshonwa na watoto, na watoto wenyewe tulimpelekea kahawa.

Hakuna aliyemshinda mama kwa kushona. Alishona kwa mkono wa kushoto, na watu walimcheka mpaka waione kazi yake.

Mwaka ule wasichana wa mtaani walikuwa wakiandikishwa shule. Shangazi aliweka sharti lake mbele ya watu wote wa nyumba: mwenye mkono wa kushona atabaki ashone, asiye na mkono aende shule, kuliko kukaa bure. Alilisema kama mtu anayegawa samaki.

Nikapewa kitambaa cha kujifunzia. Mama alinionyesha namna ya kutoboa kitobo na kukizungushia uzi. Asubuhi nilishona, nikaridhika. Nikiamka usingizi wa mchana nakuta mishono imepinda, mingine imelegea kama meno ya kizee. Nikaona hili ni jini. Nikamwekea jini kipande cha halua pembeni ya kitambaa ili anihurumie, wakaja sisimizi. Mama alicheka mpaka akafuta machozi, na mimi nikamwona mama hana huruma. Tena kila aliyeuliza alimjibu kwamba mtoto wake hana mkono. Nilikuwa nasikia.

Siku ya kutazamwa kazi tulikaa kwenye jamvi, mama, mimi na mabinti wa Shangazi. Shangazi akavaa miwani, akakigeuza kitambaa changu.

"Wifi, nimejaribu," mama akasema. "Mkono wake mzito. Na aende tu shule."

"Mzito kama gunia la mchele," Shangazi akasema, na binti zake wakacheka. "Haya. Kesho kutwa akaandikwe."

Yalikuwa yamekwisha hapo. Ningenyamaza tu. Lakini kile kicheko kiliniingia. Nikasema najua kushona, nikachukua kitambaa, nikachomoa sindano iliyochomekwa kwenye mto wa mama, nikainama. Kitobo cha kwanza, cha pili. Mama akaniambia niache, nitajichoma. Kisha akasema polepole, karibu na sikio langu, "Acha, mwanangu. Nnakuomba." Sikuacha. Nikamaliza cha tatu, nikampa Shangazi, nahema kama niliyekuwa nikikimbia.

Aliutazama upande wa ndani kwa muda.

"Kumbe, wifi," akasema, "ulikuwa unanifichia mshonaji."

Hakukasirika hata. Alinipa halua. Mimi nilimtazama mama, nikingoja naye anisifu. Mama alikuwa anakunja nyuzi ambazo zilikwisha kukunjwa.

Nilishona miaka kumi na moja. Wasichana walipita chini ya dirisha letu na mikoba yao, nikawajua kwa mlio wa viatu. Herufi nimejifunza ukubwani, kwenye darasa la kina mama, na mwandiko wangu mpaka leo unapanda na kushuka. Miaka yote hiyo mama sikumwacha salama moyoni mwangu. Mzazi gani, nikasema, humtangaza mwanawe kuwa hana mkono?

Alipofariki nilifungua sanduku lake. Chini ya kanga nilikikuta kile kitambaa, kimekunjwa vizuri. Nikavaa miwani, nikakigeuza ndani. Pembeni vitobo vitatu, mishono imelala kulia, yangu. Mingine yote, ile mibovu, imelala kushoto.

Mwanamke aliyesifiwa Matrah nzima alikaa mchana, watu wamelala, akafumua kazi yangu safi, akaishona upya vibaya, mshono kwa mshono, kwa mkono usiozoea ubaya. Akavumilia nimchukie. Wala siku moja hakuniambia.

Zuwena na Mbaruku nimewabebesha mengi, na bado nawabebesha, ni haki yao. Lakini vile vitobo vitatu sijapata mtu wa kumpa.