Mshumaa wa Kuchomea Rasta

Dada yangu ni msusi, vichwa vya watu ndivyo vinavyotulisha. Mteja anakaa mkekani, kichwa mapajani mwa dada, umbea unaanza. Sasa niambie, nani atakilaza kichwa chake hapo akisikia mtoto wa msusi ana chawa?

Ndiyo maana siku alipowaona kwenye nywele za binti yake, Kipusa, alifunga mlango kwanza. "Mdogo wangu, likitoka hili tumekwisha," akaniambia. Wifi yake anayekaa nasi akasema tumpake mafuta ya taa, eti ndiyo dawa. Dada akakataa katakata. Lakini wifi yule, jamani! Sikio la kufa halisikii dawa.

Kesho yake mchana dada alikuwa anamalizia rasta za mwalimu wa Kipusa. Alishawasha mshumaa wa kuchomea ncha zisifumuke. Mlango wa uani ukasukumwa, Kipusa akaingia kichwa kimefungwa kitambaa kilicholowa, akaja moja kwa moja kumwegemea mama yake kama alivyozoea. Ndipo harufu iliponifikia.

Mafuta ya taa!

Mshumaa ulikuwa shubiri moja tu kutoka kwenye kile kitambaa. Niliogopa, sijapata kuogopa vile maishani. Dada akaufumbata mshumaa kwa kiganja kitupu, ukazima, akamsukumia mtoto nje. "Mwalimu, usiwashe chochote! Mtoto ana mafuta ya taa kichwani!"

"Ya nini tena?"

Nikamwona dada anamtazama mwalimu usoni. Uongo ulikuwa tele, angechagua wowote.

"Ana chawa," akasema.

Mwalimu akaokota mkoba wake, akaondoka na ncha zake hivyo hivyo. Sisi tukamwosha mtoto uani kwa sabuni mpaka harufu ikaisha, wifi akilia pembeni, "Nilitaka kusaidia tu." Kisha dada akampaka kondishena nyingi, akachukua kitana chenye meno yaliyobanana, akachana fungu kwa fungu kuanzia kwenye ngozi, kila mara akikifuta kwenye kitambaa cheupe. Chawa hao! Tukarudia kila baada ya siku chache, maana mayai yanayobaki huanguliwa, mpaka kitambaa kikawa kinatoka safi.

Muda wote huo mkeka ulikaa mtupu, na dada alikuwa akishtuka kila hodi. Siku moja hodi ikawa ya mwalimu, rasta zimefumuka, kashika wanawe wawili wanaojikuna.

"Anza na hawa," akasema. "Mimi nitasubiri."

Wateja wamerudi sasa. Ila kabla ya kuwasha mshumaa, dada huinama akamnusa kila mtu kichwani, na kiganja chake bado kina kovu. Wateja humcheka, eti msusi gani huyu ana pua ya paka. Kipusa naye hucheka. Mimi siwezi.