Mawe ya Babu, Mawe ya Kihenge

Nilitumwa asubuhi na mapema kwenda ziwani kumtambua babu yangu, na babu yangu alikufa kabla mimi sijaanza shule.

Watu wakisikia natoka Simiyu hufikiria Bariadi, pamba na vumbi. Bariadi nipo kweli, najitolea katika ofisi moja huku nikisubiri ajira kama wakulima wanavyosubiri mvua. Lakini kwetu ni Busega, mkoa huohuo, upande unaogusa ziwa. Nimekulia pale. Nilikuwa nimeenda nyumbani mapumziko mafupi, nikitumaini kulala na kula matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemshwa na kukaushwa, nikakuta kikao cha ukoo.

Babu alizikwa kwenye kaya yetu ya zamani, chini kabisa karibu na maji. Kwa desturi ya wazee wetu mkuu wa kaya huzikwa jirani na zizi la ng'ombe wake, na yeye mwenyewe alitaka hivyo: mawe tu, bila saruji. Miaka kadhaa baadaye tukahamia juu, karibu na barabara, kwa sababu viboko walikuwa wanamaliza mahindi na baba alichoka kukesha na tochi. Kule chini ikabaki minyaa ya ua na marundo mawili ya mawe. Rundo moja ni babu. Jingine ni mawe yaliyokuwa yamebeba kihenge chetu cha mtama. Hakuna aliyejali sana lipi ni lipi, mpaka ziwa lilipoanza kupanda.

Likapanda kweli. Likameza mashamba ya mpunga ya majirani, likameza njia, likarudi nyuma kidogo, na sasa hakuna anayeliamini. Rundo moja la mawe liko juu, kwenye minyaa. Lingine liko chini, na maji yakichafuka yanakaribia kulifikia. Kama babu ni wa juu, tumwache. Kama ni wa chini, ahamishwe kabla ya masika.

"Ni la juu," baba alisema kwenye kikao. "Aliwekwa kulia kwa mlango wa zizi. Hilo nalijua."

"Mlango wa zizi lipi, kaka?" baba mdogo akauliza. Yeye ni mzee wa kanisa na alitaka babu apelekwe kwenye makaburi ya kanisa, ajengewe, awekewe msalaba. "Zizi tulilihamisha mara ngapi?"

Kwetu mbolea ikijaa na tope likifika magotini mwa ng'ombe, watu hung'oa miti ya zizi na kuisimika pembeni, na mlango unahama pamoja nalo. Zizi letu lilihama mara nyingi hivi kwamba hakuna aliyeweza kusema mlango ulikuwa wapi wiki ile ya msiba. Tulimzika mzee kwa kupima na kitu kinachotembea.

"Basi tuchimbe yote mawili," mmoja akasema.

"Kumchimba mtu ni jambo zito," baba akajibu. "Kuchinja ng'ombe, kuita ukoo mzima, halafu mkachimba kihenge! Watu watatucheka mpaka Shishiyu."

Ndipo shangazi, sengi kama tunavyomwita, dada mkubwa wa baba aliyeolewa Nkoma, akasema bila hata kuinua kichwa, "Sasa mnagombania nini, na mwenyewe amekaa hapo anakunywa chai?"

Wote wakanigeukia.

Nilirithi jina la babu. Kwa hiyo tangu nikiwa mgongoni sengi ananiita baba. Ananipigia goti akinisalimia, mwanamke mzima, na mimi nilipokuwa mdogo nilikuwa nakimbilia nyuma ya nyumba kwa aibu. Nilidhani ni utani ambao ungekwisha nikikua. Haukuisha.

"Kesho asubuhi nenda ukatazame, baba," akaniambia. "Mimi naondoka na gari la asubuhi. Kabla sijaondoka utuambie unalala wapi."

"Tena amesomea ardhi," baba akaongeza, na nikaona amepumua.

Nilisomea mipango ya matumizi ya ardhi. Nilitaka kuwaeleza tofauti, nikaona maelezo yangekuwa marefu kuliko kikao.

Nikatoka kukiwa bado na kiza chepesi. Ile saa viboko wanarudi majini kutoka malishoni, na mtu akikaa kati ya kiboko na maji amejitafutia. Kwa hiyo nilitembea upande wa juu wa ufuko. Kisha nikawaza kwamba kama kuna mmoja bado yuko mashambani, basi nimejiweka katikati kabisa. Nikashuka. Nikapanda tena. Wanawake wawili waliokuwa wanatandaza dagaa mchangani walinitazama.

"Mwangaluka!" mmoja akanisalimia. "Umepoteza kitu?"

"Mwangaluka. Hapana, natembea tu."

"Unatembea kama mbuzi aliyekata kamba," akasema, na mwenzake akacheka.

Nilikuwa na hakika kwamba nikifika ziwani kumbukumbu zitanijia zenyewe. Ndivyo watu wanavyosema, kwamba mahali ulipokulia miguu inajua njia. Miguu yangu haikujua kitu. Jiwe kubwa tulilokuwa tunafulia sare za shule lilikuwa sasa ndani ya maji, mnandi amesimama juu yake anakausha mabawa. Nikajaribu kupanga upya: kama jiwe liko pale, basi kisima cha mchanga kilikuwa hapa, na njia ya ng'ombe ilipita pale. Lakini pale palikuwa na matete mapya, marefu kunizidi, na magugu maji yamesukumwa ufukweni na upepo. Nikaanza kushuku jiwe. Labda silo. Labda lilikuwa kubwa kwa sababu mimi nilikuwa mdogo, na lile la kweli ni jingine dogo lililozama. Nilisimama nikibishana na jiwe mpaka jua likachungulia.

Marundo niliyakuta. Yale ya juu yalikuwa yameliwa na mizizi ya minyaa. Yale ya chini yalikuwa na utelezi wa kijani upande wa ziwa. Mawe ni yaleyale, ya kijivu, ya kutoka kilima kimoja. Nikapiga picha kwa simu, sijui kwa nini. Picha zikatoka zinafanana.

Nakumbuka mazishi, au nadhani nakumbuka. Niko mabegani mwa mtu. Kuna harufu ya ngozi mbichi ya ng'ombe, maana babu alifungwa kwenye ngozi ya fahali wake. Na mbele yangu kuna maji yanang'aa. Nikasimama kwenye rundo la juu, nikayaona maji. Nikashuka kwenye la chini, nikayaona pia. Kisha nikajiuliza kama ile harufu niliinusa mwenyewe au nilisimuliwa na mama siku nyingine kabisa, na kama nilisimuliwa harufu, pengine na maji nilisimuliwa, na kama hata maji si yangu, basi mimi ninasimama pale kama shahidi wa nini?

"Mwangaluka, baba."

Sengi alikuwa amenifuata. Alipiga goti pale kwenye mchanga, polepole kwa sababu ya magoti yake, na mimi nikakimbilia kumwinua.

"Mwangaluka, sengi. Umekuja peke yako? Viboko je?"

"Kiboko gani atanitaka mimi? Nyama imeisha. Wewe ndiye umenona kwa chipsi za Bariadi." Akakaa juu ya jiwe moja lililokuwa peke yake, akafungua pindo la kanga, akatoa michembe, vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa. Akanipa mmoja. "Haya. Unalala wapi?"

"Sijui, sengi."

"Hujui au unaogopa?"

"Vyote."

Akacheka mpaka akakohoa. "Baba yangu gete! Huyu ni baba yangu kabisa. Ukimuuliza tupande lini, anatazama mbingu. Kesho anatazama tena. Majirani wanapalilia, sisi tunatazama mbingu."

Nilishangaa. Nyumbani babu anasimuliwa kama mtu wa neno moja, aliyekuwa akisema na ng'ombe wanasimama. "Mbona baba anasema alikuwa na maamuzi?"

"Baba yako alikuwa anachunga. Sisi wenye majembe ndio tunajua. Kila mwaka tulichelewa."

Nikamuuliza swali ambalo lilinisumbua tangu kikaoni. "Lakini wewe ulikuwepo siku ile. Huwezi kukumbuka?"

Akauma mchembe mwingine. "Nilikuwepo. Nimejifunika kanga kichwa kizima, nimeshikwa huku na huku. Nilikuwa nalia, baba. Nani anapima mahali huku analia?" Akayatazama marundo, moja kisha jingine. "Mimi sitakuja hapa mara nyingi tena. Nikija, nataka nijue nikae wapi. Na maji yakimchukua, watasema aliacha watoto wasiojua hata kumsogeza."

Nikaanza kumweleza. Nikamwambia kwamba tukichimba la chini na likawa kihenge, itabidi tuchimbe na la juu ili kuhakikisha, ingawa lingekuwa salama tusipoligusa. Tukichimba la juu tumemsumbua bure. Tusipochimba lolote, huenda maji yakaja, au huenda yakarudi yalikotoka, maana ziwa limewahi kurudi. Na hata tukimpata, ngozi imeshaoza, tutahamisha nini, na tutajuaje kwamba tumemaliza kumhamisha? Nilisema mengi. Sikumbuki hata nilivyofika mwisho, ila nilijisikia nikisema, "Na mimi nisingependa kuchimbuliwa."

Sengi akaacha kutafuna.

"Sema tena."

Nilijua nilichofanya. Alikuwa ameniuliza kama baba yake, na mimi nilikuwa nimejibu kama kijana anayewaza kwa sauti. Ningeweza kulirudisha lile neno. Ningesema, sengi, nilikuwa natoa mfano tu, usinisikilize. Nilikuwa na maneno hayo mdomoni kabisa. Lakini nilimwona jinsi alivyoinama mbele, kiganja wazi juu ya goti, michembe imemdondoka mchangani na hajaiona, na nikafikiri kwamba baba akisema la juu sengi hataamini, na baba mdogo akisema kanisani hataamini, na atapanda gari kurudi Nkoma bila kuamini chochote.

"Nisingependa kuchimbuliwa," nikasema.

"Hata maji yakija?"

Nikayatazama. Yalikuwa yametulia.

"Hata maji yakija."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, mara nyingi, kama mtu anayepokea salamu ndefu. Kisha akaokota mchembe mmoja, akaupangusa mchanga, akauvunja. Nusu akaiweka juu ya mawe ya chini. Akapanda mpaka kwenye minyaa, nusu nyingine akaiweka pale.

"Mmoja wa hawa ni kihenge," akasema. "Naye atashukuru. Hajaona chakula siku nyingi."

Tulirudi kwa kufuata ufuko. Wale wanawake wa dagaa walimsalimia kwa heshima, na mimi wakaniuliza kama nimekipata nilichopoteza. Sengi akawajibu kwamba nimekipata.

Nyumbani hakusubiri hata kukaa. "Baba amesema. Hachimbuliwi, aachwe alipo."

"Nani amesema?" baba mdogo akauliza. "Huyu kijana au mzee?"

"Muulize mwenyewe, amesimama hapo."

Baba mdogo akanitazama, baba akanitazama. Nilitamani mtu aniulize swali dogo, lolote lenye jibu.

"Umesema?" baba akauliza.

"Nimesema."

"Haya," akasema baba, akaenda kumtafutia dada yake gari. Baba mdogo akabaki anatikisa kichwa, lakini hakuliinua tena lile jambo. Sengi alipokuwa anapanda alinipigia goti barabarani, watu wote wanaona, na safari hii sikukimbia. Sikujua tu mikono niiweke wapi.

Sasa niko Bariadi. Mvua zimeanza, na usiku zikipiga bati nawaza mawe. Nilisema kama nani? Kama lile rundo la chini ni babu, nimemhukumu au nimemtii? Wakati mwingine nashawishika kwamba nilijua, kwamba kuna kitu kilinisemesha. Asubuhi yake naona nilikuwa tu mtu mwoga aliyetaka shangazi yake afurahi.

Juzi nilimpigia baba simu. Tukaongea habari za ng'ombe na za pamba, kisha nikauliza habari za ziwa.

"Maji yamefika kwenye mawe ya chini," akasema.

Hakusema babu, wala hakusema kihenge. Tukasikiliza mvua, yake na yangu. Kisha akaniambia sengi amesikia, ametuma salamu kwamba atakuja baada ya mavuno kukaa kidogo na baba yake.