Usingizi wa Mama Niliupeleka Kilabuni

Bwana Mhariri, jina langu lifiche, lakini aibu yangu itoe yote. Mimi ndiye niliyemtia mama yangu mzazi midomoni mwa watu.

Homa hii ya mafua ilipofika kwetu, upande wa Kalenga, ililaza watu nyumba nzima nzima. Mama ilimshika ikamwachia, ila iliondoka na usingizi wake. Akisinzia kidogo anashtuka, anajifunga kaniki, anatoka nje kusimama kwenye dirisha la wajukuu, asikilize kama wanapumua.

Kwetu wajukuu hulala na bibi yao. Mimi niliwatoa kwake kwa kuogopa homa. Sasa angewasikiliza wapi? Na akishawasikia wangu, huenda hadi kwa jirani, maana naye ana watoto.

Badala ya kumhurumia, nikachoka naye! Jioni moja nipo kilabuni, kata ya pombe ya kangala mkononi, nikatafuta kicheko.

"Jamani, mama yangu halali siku hizi. Usiku kucha anakagua madirisha ya watu, utadhani bwana afya!"

Watu wakacheka. Nami nikacheka, mpumbavu mkubwa!

Hazikupita siku nyingi, mtoto wa yule jirani akafa.

Msibani hakuna aliyecheka tena. Mama alipokwenda kuketi na wanawake wenzake, walisogea mmoja mmoja, akabaki peke yake kwenye mkeka. Baba wa marehemu akanigeukia.

"Si ulisema mwenyewe kilabuni? Haya, mama yako alikuwa anatafuta nini dirishani kwangu?"

Jibu nilikuwa nalo! Ningesema alikuwa anamhurumia mwanao. Ningesema mimi ndiye niliyemnyang'anya wajukuu. Nikaangalia chini. Mtu mzima na ndevu zangu, nikaangalia chini!

Mama hakunilaumu. Laiti angenitukana! Jioni ile aliniita mlangoni kwake, akanipa kufuli la ghala.

"Baba, nifungie kwa nje. Wakiuliza, waambie nilikuwa ndani."

"Mama, nani anakusema?"

"We nifungie tu, baba. Na ufunguo utembee nao, wauone."

Nikafunga. Mpaka leo nafunga kila jioni. Asubuhi nikifungua namkuta ameketi palepale, macho mekundu, swali lake ni moja: "Watoto wanapumua?"

Nimepita nyumba kwa nyumba kueleza ukweli. Watu wananiitikia vizuri, nikiondoka wanafunga madirisha. Nimetaka kumrudishia wajukuu, amekataa. Anasema mmoja wao akikohoa tu, itakuwaje? Ulimi umeniponza, tena heri ungeniponza peke yangu!

Ndugu msomaji, mzazi wako akikosa usingizi, koka moto, kaa naye, mwulize anahofia nini. Usimpeleke kilabuni! Mimi ufunguo ninao mfukoni hapa ninapoandika. Juzi niliuacha mlango wazi makusudi, nikamsihi atoke aote jua. Akaurudisha mlango mwenyewe, akaniambia kwa ndani nisisahau kufuli.