Asubuhi Kumi na Moja za Kitani

Babu yangu alitengeneza mikokoteni, na mwanawe Aubin, mjomba wangu, ndiye aliyeipaka rangi. Alipofika miaka ishirini na sita aliiacha kazi hiyo, akaanza kuchora mashamba yetu ya Normandia. Alichora akiwa amesimama humo humo shambani, upepo ukimpiga. Watu walisema miti yake haina majani, ina madoa.

"Mzee, miwani umeisahau nyumbani?" wakulima walimuuliza wakipita.

"Nimeiacha makusudi. Nikiivaa nitakuona wewe."

Kilichomshinda miaka yote ni kitani, mmea wa nyuzi za kufumia nguo, kikiwa kimechanua. Ua lake la buluu hufunguka asubuhi na kudondoka kabla ya adhuhuri, na mjomba hakukubali kuchora mwanga uliokwisha kupita. Ikifika saa nne aliweka brashi chini, hata kama amebakiza wingu moja tu.

Mwaka alipotimiza sabini na mbili, mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka. Aliniambia waziwazi kwamba kitani cha mwaka ule ndicho cha mwisho kwake. Alikwenda asubuhi kumi na moja kwenye shamba la Bi Zélie Ozanne, mjane mtengeneza jibini. Kwa kuwa rangi ilikuwa nene na mbichi, hakuthubutu kurudi na picha nyumbani kwenye upepo ule; kila siku aliiacha ghalani kwa Bi Zélie. Siku ya kumi na moja aliimaliza.

Mchana ule mvua ilinyesha, ikayaangusha maua yote. Kesho yake tulipita shambani, kote ni kijani. Mjomba aliongeza mwendo.

Tulipofungua mlango wa ghala, tuliona picha imelazwa mezani, imefunikwa kitambaa cheupe. Mjomba alishika mwimo wa mlango. Nilielewa: kitambaa kilicholala juu ya rangi mbichi, kikiondolewa, kingetoka na shamba zima.

Bi Zélie alikuja akifuta mikono.

"Nzi walikuwa wengi, Mzee Aubin. Nikaifunika."

"Umeifunika," alisema mjomba kwa sauti ndogo. "Zélie, umeniua."

"Nimekuua kwa lipi? Hebu inama utazame, badala ya kunifia mlangoni."

Aliinama. Katika pembe nne Bi Zélie alikuwa amesimamisha vijiti vya kutundikia kitambaa juu ya jibini bichi, na katikati amevusha kamba ili kitambaa kisilegee. Hakikugusa popote. Akakiondoa, na asubuhi zote kumi na moja zilikuwa pale, buluu juu ya buluu, hazina alama.

"Miaka arobaini nafunika vitu vibichi," alisema Bi Zélie. "Ulidhani nitakibwaga tu kama shuka?"

Mjomba alikaa juu ya ndoo ya maziwa iliyopinduliwa, akacheka mpaka akakohoa.

"Nisamehe, Bi Zélie."

"Nitakusamehe ukishakula. Umekuwa mweupe kuliko hicho kitambaa."

Akatukatia mkate na jibini. Mjomba alikula vipande vitatu, yeye ambaye kwa siku kumi na moja alikuwa akiondoka nyumbani bila kugusa chakula, na alipoomba cha nne Bi Zélie alimsogezea kisu ajikatie mwenyewe.